Joho la Kipa

Jumatatu, 4 Novemba
Makocha wengine wachezaji wao huzeeka. Wangu huhitimu. Miaka kumi na tisa nawafundisha watoto wa watu kupiga kona, na kila wakianza kuelewa, wanavaa joho wanaondoka. Nimechoka.

Kikao cha makocha asubuhi. Nilisinzia kidogo. Niliposhtuka, katibu wa mashindano alikuwa anasema mhitimu si mwanafunzi tena. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa macho tangu mwanzo. Baada ya kikao nikapiga hesabu. Mahafali ni Jumamosi asubuhi. Nusu fainali ni Jumamosi jioni. Kipa wangu, Ukuta, anahitimu.

Mkurugenzi wa michezo amenikumbusha kwa upole kwamba tukitolewa tena, nitahamishiwa bwawa la kuogelea. Bwawa lenyewe halina maji. Pale kwenye kina kirefu umeota mpapai.

Jumanne, 5 Novemba
Nimemweleza Ukuta kwamba mahafali ni mbwembwe tu, cheti atachukua dirishani siku yoyote. Akasema mama yake anasafiri siku nzima kuja kumwona, na ameazima viatu. Nikasema viatu hurudishwa. Hakucheka.

Jioni akaniletea joho lake. Aliomba nimtunzie ofisini, maana bwenini watu huazima vitu bila kuomba. Akasema hapa chuoni anayemwamini ni mimi tu. Nilijisikia vibaya hadi kwenye ngazi. Kwenye ngazi likanijia wazo. Bila joho hapandi jukwaani. Asipopanda, bado ni mwanafunzi. Nimelibeba hadi nyumbani ndani ya mfuko wa mipira na kulificha kabatini, nyuma ya makoti.

Jumatano, 6 Novemba
Kocha wa netiboli amechukua basi tena. Anasema timu inayoshinda haitembei kwa miguu. Tumetembea.

Mazoezini kipa wa akiba, tunayemwita Mlango, amefungwa na mtunza uwanja, ambaye alikuwa anaturudishia mpira tu. Joho libaki kabatini.

Alhamisi, 7 Novemba
Balaa. Mke wangu amelipata. Nimemkuta amekaa kitandani, joho mapajani, analia. Nikaanza kutunga maelezo. Akanikumbatia. Akasema alijua tu kwamba zile jioni zote za darasani hazikuwa bure.

Ni hivi: miaka minne iliyopita nilijiandikisha shahada ya jioni. Nilihudhuria mara mbili, kisha ligi ikaanza. Nyumbani sikusema, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Ikatoka kwamba nilitaka kumshangaza. Ameshampigia simu mama yake. Mama mkwe anakuja kesho, yule yule ambaye tangu nioe huniita "yule wa mpira".

Ijumaa, 8 Novemba
Ukuta amekuja kuchukua joho. Nimemwambia nililiweka stoo, stoo imefungwa na mwenye ufunguo amefiwa. Akaniomba nimfikishie pole. Mwenye ufunguo ni mimi.

Mama mkwe amefika. Ameniita mwanangu. Amenichagulia kipande kikubwa cha nyama kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa, mke wangu ni fundi cherehani, na hawezi kuvumilia nguo inayoburuta. Mimi namfikia Ukuta kwapani. Nimetoka kuoga nikakuta joho limeshakatwa, limepindwa, limepigwa pasi. Limenikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Nimejitazama kwenye kioo muda mrefu.

Jumamosi, 9 Novemba
Asubuhi nilitoka nyumbani nimelivaa, mke wangu kulia, mama mkwe kushoto. Nilikuwa nimepanga kuumwa tumbo kabla majina hayajasomwa.

Langoni nikamwona mama yake Ukuta. Ameshika kofia ya mwanawe kwa mikono miwili, kama sahani iliyojaa mchuzi, anamwuliza kila mtu joho la mtoto wake litakuwa wapi. Nikashindwa. Nikaenda nyuma ya hema, nikalivua. Ukuta alipolivaa likamwishia magotini. Akasema asante, Kocha. Ni heri angenipiga.

Akapanda jukwaani. Watu wakacheka, mama yake akapiga vigelegele. Mke wangu hakucheka. Aliutambua upindo wake. Akanitazama nilivyosimama pembeni na shati langu, kisha akampigia kijana makofi mpaka akashuka. Mama mkwe aliendelea kuuliza zamu yangu ni lini.

Jioni Mlango amefungwa sita. Wakati wa mapumziko katibu alikuja kuniuliza mbona Ukuta amekaa na watazamaji. Alisema alieleza wazi kwenye kikao: mhitimu si mwanafunzi tena, lakini anaruhusiwa kumaliza msimu. Hapo kwenye "lakini" nilikuwa nimesharudi usingizini.

Nyumbani mke wangu aliuliza jambo moja tu: jioni zote zile nilikuwa wapi. Nikasema uwanjani. Akasema afadhali ningekuwa na mwanamke, angalau angejua pa kwenda kugombana. Imeniuma, kwa sababu juzi alilia kwa furaha na mimi niliona. Mama mkwe amerudia jina langu la zamani.

Jumatatu, 11 Novemba
Ukuta ameondoka na mama yake. Mkurugenzi amenipa mechi moja ya mwisho, ya kutafuta mshindi wa tatu, Jumamosi hii. Nikipoteza, ni bwawa.

Mke wangu naye ametoa sharti: nirudi darasani leo hii, la sivyo nikalale stoo na mipira. Nimekwenda. Nimekaa nyuma. Mhadhiri ni mdogo kuliko filimbi yangu. Nimeapa moyoni kwamba ujanja basi, umri wenyewe hauruhusu.

Kando yangu alikaa winga wangu wa kushoto, mwenye mbio kuliko wote. Akaninong'oneza kwamba Jumamosi hatakuwepo, anaoa. Nikampongeza. Nikamwuliza, kwa upole tu, suti yake inashonwa wapi.

Akasema kwa mke wako, Kocha, ameniambia nikaichukue Ijumaa.

Kuna siku mambo hujinyoosha yenyewe.