Mkono Uliogusa Mfalme

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Habari mbaya, nimezipata kwa kinyozi. Kilabu chetu cha chesi kitatundika ukutani picha za mabingwa wote wa zamani wa mji wetu, Gyumri. Sherehe Jumapili. Ya kwanza kabisa, karibu na mlango: Ruben Terteryan, bingwa wa 1979!

Terteryan! Jirani yangu wa ghorofa ya chini. Miaka arobaini tunapishana kwenye ngazi bila salamu. Mchezo wa mwisho wa mashindano yale alicheza na mimi. Hatua ya thelathini na moja akagusa mfalme, akaghairi, akasogeza ngome. Sheria iko wazi: kete uliyoigusa ndiyo unayoicheza. Nilishtaki. Nikapuuzwa. Mpaka leo nauona mkono ule, saa yenye mkanda wa kahawia, kidole juu ya mfalme.

Nimeamua kufanya utafiti. Si kisasi, ni historia. Nimemweleza mke wangu Siranush tofauti yake. Kasema nikitoka nipitie na mkate.

Jumanne, 5 Novemba

Shahidi wa kwanza: Onik, kinyozi mwenyewe. Alikaa mstari wa mbele siku ile. Anakumbuka kila kitu! Mvua ilinyesha. Terteryan aligusa mfalme, tena kwa mkono wa kulia. Nikaandika mbiombio. Baada ya dakika tano mvua ikawa theluji. Mkono nao ukawa wa kushoto. Halafu Onik akasimamisha mkasi hewani, akasema hapana, mwaka ule alikuwa jeshini, Siberia.

Nimenyolewa mara mbili kwa siku mbili. Masikio yanaganda.

Karatasi za kilabu zilipotea kwenye tetemeko la ardhi la 1988. Lakini Onik kasema mwamuzi wetu, marehemu Garnik, alikuwa na daftari lake la nyumbani. Mjane wake, Knarik, bado analo. Ila watu wa chesi hataki hata kuwasikia. Anasema walimmalizia mume.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekwenda kama profesa kutoka Yerevan, mtafiti wa mwandiko wa kale. Miwani myeusi, kofia ya shemeji, na keki ya gata aliyooka Siranush kwa ajili ya wageni wake (hajui).

Knarik kafungua mlango. Kaniangalia kuanzia viatu hadi kofia.

"Mwalimu Zaven, vua hiyo miwani, utajikwaa kwenye zulia. Uliwafundisha wanangu wawili jiografia, na wote wawili mpaka leo wanapotea njia."

Nikakiri. Kasema daftari lipo, lakini bomba la jiko lake linarudisha moshi, na kwa macho yake mimi nina mikono miwili. Saa tatu nzima juu ya kiti! Masizi ya tangu enzi za Wasovieti yamenimwagikia usoni. Daftari ninalo. Mgongo sina tena.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimesoma. Nanakili neno kwa neno, maana mtafiti hafichi kitu:

"Hatua ya 31. Zaven kagusa mfalme, kaghairi, kacheza ngome. Nikainuka nimwadhibu. Terteryan kanitikisia kichwa, nimwache. Mchezo ukaisha, Terteryan kashinda. Sasa Zaven anamshtaki Terteryan kwa kosa hilohilo! Nimechoka. Naenda nyumbani kula."

Nimesoma mara nne. Nikavaa miwani ya Siranush, nikasoma ya tano. Herufi ni zilezile.

Nikamuuliza Siranush kama anakumbuka ile saa ya Terteryan yenye mkanda wa kahawia. Kasema anaikumbuka sana. Alininunulia yeye, siku yangu ya kuzaliwa.

Supu imepoa.

Nimewaza. Kurasa za daftari la zamani zinaweza kushikana zenyewe. Kwa bahati mbaya. Tuna jamu ya aprikoti.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimerudisha daftari. Kurasa zimeshikana vizuri kabisa. Knarik kalinusa, kaniangalia. Kasema nilijisumbua bure, ukurasa huo anao kichwani. Garnik alimsomea yeye peke yake kila mwaka mpya, wakacheka mpaka machozi.

Nikauliza mbona Garnik hakumwambia mtu mwingine.

"Ruben alimwomba asiseme," kasema. "Alisema mwache, tayari kashindwa, ukimwongezea na aibu atakonda."

Sikujua niangalie wapi. Nimeangalia bomba. Halirudishi moshi tena.

Jumapili, 10 Novemba

Nilipanga kuugua. Siranush kanifunga tai.

Ruben siku hizi anatembea kwa fimbo. Alipoitwa kusema, akasema picha yake haitundikwi peke yake. Katoa bahasha mfukoni: mimi na yeye mezani, 1979, nywele nyeusi, tumeinamia kete. Kasema ule ndio mchezo bora aliowahi kucheza, na mchezo huchezwa na watu wawili. Wakapiga makofi. Nikatamani sakafu ifunguke.

Kisha kaja mpaka kwenye kiti changu.

"Zaven jan, rafiki yangu, magoti yanauma. Siwezi tena kupanda ngazi na kununa kwa wakati mmoja. Njoo kesho tucheze."

Nilitaka kuomba radhi. Nikasema leo kuna baridi. Kasema kweli, kuna baridi. Kanishika mkono, hakuuachia.

Sikulia. Ni masizi.

Jumanne, 12 Novemba

Jana nilikuwa kwa Ruben. Jibini, brandi. Kanifunga mara tatu na simlaumu mtu. Mtu mwema sana! Miaka arobaini nimeipoteza kwa kinyongo. Nimeapa mbele ya Siranush: basi, yamekwisha, mimi ni mtu mpya.

Ila Ruben, katika mazungumzo tu, kaitaja harusi ya Onik ya 1983. Nikakumbuka! Nilicheza nardi, mchezo wetu wa dadu, na bwana harusi mwenyewe. Nilikuwa naongoza. Dadu zikaanguka chini ya meza. Na nani aliingia chini ya meza kuzisoma? Onik! Katoka huko na vumbi magotini, anatangaza sita na sita. Nani mwingine aliziona? Hakuna!

Mpiga zurna, lile zumari la harusini, alikuwa amekaa sakafuni, karibu kabisa. Nasikia yuko hai, anaishi mji wa Vanadzor. Nimemwambia Siranush daktari kaniagiza nibadilishe hewa. Basi la kwanza linaondoka saa moja asubuhi.