Ngao Nyekundu Kando ya Saa

Lyle Hegstad alikuwa dukani kwake, mkate wa nyama mkononi, anasoma barua ya mtu mwingine kama ilivyokuwa desturi yake saa za chakula cha mchana. Barua ilikuwa ya Bi Ardis Tollefsrud, mjane wa miaka sabini na tisa, na mwenyewe alikuwa bado anaiandika nyumbani kwake. Maneno yalijitokeza kwenye skrini ya Lyle polepole, kwa sababu Bi Ardis huandika kwa kidole kimoja.

"Dada Marvel," barua ilisema, "goti la kushoto limeanza tena, sijamwambia mtu. Mashindano ya uvuvi yanakaribia na wanaume wameanza kuniletea mikate ya ndizi ili niwaambie mahali pa Verlyn. Mikate nakula. Mahali siwaambii."

Lyle akauweka mkate chini.

Hapa inabidi nimtetee kidogo, maana hakuna mwingine atakayejitolea. Lyle hakuwa mwizi wa kuvunja madirisha. Alikuwa fundi wa kompyuta, wa pekee katika mji wetu wa Vesta Falls, kaskazini mwa Minnesota, na kompyuta alikuwa anazitengeneza kweli. Ila kila aliyoitengeneza ilirudi nyumbani na mgeni: kipicha cha ngao nyekundu, chini kabisa ya skrini, upande wa kulia, kando ya saa. Wiki tatu ngao ilikaa kimya. Kisha ilianza kupepesa na kuandika: KOMPYUTA YAKO IKO HATARINI, MWITE FUNDI WAKO. Fundi aliitwa, akaja na uso wa daktari, akabofya hapa na pale, akachukua dola themanini, na ngao ikalala wiki tatu nyingine. Kuona mwenye kompyuta anaandika nini ilikuwa nyongeza tu. Lyle aliihesabu kuwa sehemu ya kumjali mteja.

Mahali pa Verlyn lilikuwa jambo zito zaidi. Marehemu Verlyn Tollefsrud, kwa majira thelathini na moja ya baridi, alirudi kutoka Ziwa Kettle na ndoo iliyofunikwa blanketi, na chini ya blanketi kulikuwa na samaki wa walleye wakubwa kupita heshima ya mtu mmoja. Hakumwambia mtu alipotoboa barafu ya ziwa kushusha ndoano. Mchungaji Sorum alimuuliza akiwa kitandani, siku ya mwisho, kwa sauti ya kumfariji. Verlyn alifumba macho na hakuyafumbua tena. Na mwaka huu zawadi ya mashindano ilikuwa pikapu mpya, nyekundu, iliyoegeshwa mbele ya kituo cha mafuta ili watu waione wakipita na wateseke. Gari la Lyle lilikuwa na dirisha lisilofunga, na Januari ya huku haina utani. Aliitaka pikapu ile kuliko alivyowahi kutaka mke.

Akabonyeza kitufe kimoja. Upande wa pili wa mji, ngao ya Bi Ardis ikaanza kupepesa.

"Nimejaribu kuiondoa mwenyewe," Bi Ardis alimwambia alasiri ile, huku akimimina kahawa. "Nimeibofya kwa kitufe cha kulia, ikaleta neno moja tu, Ficha. Nikaificha. Ikaingia nyuma ya kale kamshale ka pale chini, asubuhi ikatoka tena inanitazama."

"Hiyo ni aina sugu, Bi Ardis."

"Ilikujaje?"

"Intaneti, mama. Siku hizi hata ukikaa kimya magonjwa yanakufuata."

"Mbona kabla hujaitengeneza haikuwapo?"

"Kabla sijaitengeneza ilikuwa haiwaki. Mgonjwa aliyezimia hakohoi."

Bi Ardis alikubali kwamba hilo lina akili. Lyle akaanza kupekua kompyuta, eti anatafuta ugonjwa. Alikuta picha mia nne za ndege wa bustanini na maelezo ya kupika kabichi. Ramani hakuna. Akaizima ngao kwa wiki tatu, akageukia sahani ya keki ya tufaha.

Huku kwetu kipande cha mwisho hakiliwi. Mtu hukikata nusu, anayefuata hukata nusu ya nusu, mpaka inabaki punje ambayo hutupwa kwa masikitiko wageni wakishaondoka. Lyle alikichukua kipande cha mwisho kizima, akakila, akapangusa vidole. Bi Ardis alikitazama kikienda.

"Themanini tu, mama, kama kawaida," Lyle alisema akivaa koti. "Na hilo goti la kushoto ulipumzishe. Ngazi ziache kabisa."

Mlango ukafungwa. Bi Ardis akabaki amesimama na sahani tupu mkononi. Goti alikuwa amemwambia mtu mmoja duniani, Marvel, na Marvel anaishi Fargo na hawezi kumvumilia Lyle Hegstad hata kwa simu.

Mtu mwingine angeogopa. Bi Ardis alikasirika, halafu akakumbuka mama yake. Alikulia shambani, enzi za waya mmoja wa simu kwa nyumba nane. Ukipiga simu, majirani saba walinyanyua simu zao taratibu na kushika pumzi. Mama yake alikuwa na dawa ya hao. Siku moja alimwambia shangazi kwenye simu kwamba Alhamisi anagawa bata bure. Alhamisi ilipofika, Bi Engebret wa shamba la tatu alijitokeza na kikapu, akisema amekuja kusalimia tu. Bata hawakuwapo. Tangu siku hiyo Bi Engebret alisalimia kwa mbali.

Kwa hiyo jioni Bi Ardis aliketi, akanyoosha kidole chake kimoja, akaandika: "Dada Marvel, ile mashine ya Verlyn ya kupulizia theluji imekaa tu gereji. Atakayeiuliza wa kwanza nampa bure."

Saa mbili asubuhi Lyle alikuwa mlangoni.

"Nilikuwa napita tu, mama," alisema. Nyumba ya Bi Ardis ipo mwisho wa barabara, na baada yake kuna miti mpaka Kanada.

"Karibu, mwanangu."

"Hivi, marehemu hakuacha mashine ya kupulizia theluji? Nauliza tu."

"Hakuwahi kuwa nayo. Alitumia koleo maisha yake yote."

"Labda umesahau, mama. Labda ipo gereji."

"Gereji sina, Lyle."

Lyle akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona theluji tupu pande zote. Akasema hewa ya leo nzuri, akaenda zake.

Jumapili, baada ya ibada, wanawake waliposhuka chumba cha chini cha kanisa kunywa kahawa, Bi Ardis aliuliza nani ana ngao nyekundu kando ya saa. Pamoja na wake, mikono tisa ikanyanyuka. Delores Quam, mke wa muuza mbao, alikuwa ameshatibiwa mara nne. Bi Ardis alipowaeleza, Delores aliikunja leso yake ya karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu, na kwa mwanamke wa Vesta Falls huko ni kupiga mayowe.

"Tumwite sherifu," Delores alisema.

"Sherifu atampa onyo, na ngao zitabaki palepale," Bi Ardis akajibu. "Aziondoe kwanza mwenyewe. Bure. Halafu tutaona."

"Ataziondoaje bure, yule? Yule hata salamu anaipima."

"Niachieni mimi. Nyinyi kazi yenu ni kushangaa."

Barua ya jioni ile naijua kwa kichwa, kwa sababu Delores alikuwa nyuma ya kiti akimsaidia nukta na mikato, na Delores hajawahi kutunza kitu ambacho anaweza kukisimulia. "Dada Marvel," ilisema, "nimeamua. Ramani aliyoichora Verlyn ipo kwenye bahasha ndani ya Biblia. Sitampa mtu wa mikate ya ndizi, nitampa mwenye moyo mzuri. Hizi ngao zinatutesa, sisi wanawake tisa wa kanisani. Angetokea mtu akatuondolea zote, moja kwa moja, bila kudai senti, akamalizia kwangu, ningejua ndiye. Ila watu wa namna hiyo wamekwisha."

Lyle aliisoma mara tatu. Mambo mawili yalipigana kifuani mwake, ngao tisa na pikapu moja. Kwa heshima yake niseme vita vilichukua karibu dakika nzima.

Alianzia kwa Delores.

"Bure?" Delores aliuliza.

"Bure kabisa, mama. Na haitarudi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeanza tu kufikiria maisha."

"Pole, Lyle. Daktari amesema umebakiwa na muda gani?"

Siku mbili alizunguka mji kwenye gari lake la baridi, akiondoa kwa mkono wake mwenyewe kile alichokipanda miaka minne. Katika kila nyumba alishukuriwa mno, na hakuna alipopewa keki. Siku ya tatu, akiwa na mafua, akafika kwa Bi Ardis.

"Kabla hujaanza," Bi Ardis alisema, kalamu mkononi, "nenda taratibu, nami niandike. Kumbukumbu yangu siku hizi ni ya kuku."

Lyle angeweza kukataa. Lakini Biblia ilikuwa palepale mezani, na pembe ya bahasha nyeupe ilichungulia katikati ya manabii.

"Fungua orodha ya programu," alisema. "Itafute inayoitwa Msaidizi Mwema. Iondoe. Halafu nenda kwenye zile zinazojiwasha zenyewe asubuhi, uizime na humo, maana ndipo inapojificha. Zima kompyuta, washa."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo."

"Dakika tatu."

"Ni uzoefu, mama."

"Na aliyeiweka, unafikiri alihitaji dakika ngapi?"

Lyle alipatwa na kikohozi kirefu. Kompyuta ilipowaka tena, pembeni kulikuwa na saa peke yake, na kando yake hakuna kitu. Bi Ardis aliitazama, na macho yakamlowa, hilo halikuwa la kuigiza. Mwaka mzima alikuwa amemwandikia dada yake habari za kifo cha Verlyn, za usiku mrefu na upande wa kitanda uliobaki baridi, na mtu alikuwa akizisoma huku anatafuna mkate wa nyama. Leo angeandika barua ambayo ingesomwa na Marvel tu.

Akafungua Biblia, akampa Lyle bahasha. "Ni mwandiko wa Verlyn mwenyewe," alisema, na ilikuwa kweli.

Mashindano huwa Jumamosi ya pili ya Februari. Toboa popote ziwani, samaki mmoja tu mzito kuliko wote, mizani inafungwa saa kumi. Lyle alifika mapema, akakokota kibanda chake cha kuvulia juu ya barafu kuelekea ghuba ya kaskazini, mwendo wa maili nne, akitazama nyuma kila baada ya hatua kumi asije akafuatwa. Hatua hamsini tu kutoka maegesho, mahali watoto hutelezea na watu hutupa makopo ya kahawa, alimpita Bi Ardis. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kamba mkononi, blanketi magotini.

"Hapo hutapata kitu, mama," Lyle alimwambia, na nadhani alimwonea huruma ya kweli.

"Goti hili, mwanangu. Mbali siwezi. Kila la heri."

Ramani ilikuwa sahihi: mwamba, msonobari uliopasuka, hatua arobaini kusini. Lyle akatoboa barafu, akashusha ndoano, na kabla hajakaa vizuri kamba ikavuta. Akapandisha haraka. Lilikuwa lile samaki la matope, lenye unywele mmoja kidevuni na mwili wa makamasi, ambalo ukilishika linajiviringisha mkononi kama linakupenda. Hata paka wa huku wanalikataa. Hadi saa tisa alikuwa ameyapandisha kumi na manne, na yote yalikuwa na upendo uleule.

Alirudi mizani ikifungwa, mikono ya koti imeganda kwa utelezi. Umati ulikuwa umemzunguka Bi Ardis. Samaki wake alikuwa na ratili tisa na nusu, na Mchungaji Sorum alikuwa anamshika mkia kwa namna ya mtu aliyepata jibu la swali la zamani. Miaka thelathini na moja Verlyn alikuwa akivulia mbele ya maegesho, alfajiri kabla mtu hajaamka, halafu anaendesha kuzunguka ziwa lote ili aonekane anatoka mbali.

"Bi Ardis," Lyle alisema kwa sauti ya chini. "Ramani uliyonipa."

"Ya Verlyn, kweli tupu. Hapo ndipo alipokuwa anawapeleka wote waliomfuata."

"Ulijua nasoma."

"Nilijua tangu goti. Sherifu naye anajua sasa, Delores ameshakaa naye. Na ule utaratibu wa kuondoa ngao umechapwa kwenye karatasi ya matangazo ya kanisa. Tumekutaja chini, kwa shukrani."

Lyle akageuka kwenda kwenye gari lake lenye dirisha lisilofunga, na hapo akasikia honi. Bi Ardis alikuwa ndani ya pikapu nyekundu, mikono miwili kwenye usukani, anamwita kwa kichwa.

"Lyle, njoo utazame. Kuna kitu chekundu kinapepesa hapa kando ya saa."

Nyuma ya Bi Ardis wanawake wanane walikuwa wamesimama kwa mstari, wanasikiliza. Lyle aliinama dirishani, akatazama kile kitaa muda mrefu, na nusu ya mji inasema midomo yake ilicheza mara mbili kabla ya kutoa sauti.

"Mafuta, mama," alisema. "Gari linataka mafuta tu."

"Na kukiondoa ni kiasi gani?"

"Hamna kitu. Ukijaza kinazima chenyewe."

Bi Ardis akamshukuru, akapandisha kioo mpaka juu, akaondoka taratibu kuelekea kituo cha mafuta.