Kwadi, Karai na Mama Mkwe

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Mvua tena. Dimbwi la mbele ya ploti tunamopanga limefika magotini. Mtaa mzima wa Mowlem unatembea na gambuti isipokuwa mimi, yangu imetoboka. Anayefurahi ni Owiti wa mkokoteni. Anavusha watu kutoka lami hadi getini, wawili wawili, wamesimama wima kama wanakwaya. Akiniona mimi navuka kwa miguu, anacheka. Simpendi.

Jioni Lenah kanipa habari. Mama yake anakuja Jumamosi. Mama mkwe! Miaka kumi na moja ya ndoa na hajawahi kukanyaga hapa. Analetwa Nairobi wiki hii kutibiwa magoti. Atalala mtaa wa Fedha kwa mwanawe Kweyu, maana kwa mkwe halali, ila Jumamosi saa sita mchana atakula kwetu. Mimi nitamwamkia kwa mbali, macho chini, kisha nijitoe. Ndivyo ilivyo kwetu Magharibi. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono wala hawatazamani usoni. Hayo nayajua vizuri, sihitaji kufundishwa.

Lenah kasema Owiti ndiye atamvusha. Nikaruka! Mama mkwe juu ya mkokoteni, kama gunia la kabeji? Na mimi nina Kwadi?

Kwadi ni pikipiki yangu ya magurudumu manne. Nilikuwa mlinzi kwenye bustani fulani ya michezo ya watoto. Ilipofungwa, mwenyewe akanipa Kwadi badala ya mshahara. Mwaka wa pili sasa iko chini ya ngazi, Lenah anaanikia soksi juu yake. Basi nimemweleza mpango. Naifunga ndoo kubwa ya chuma pale mbele, kama tingatinga. Nachota kifusi, nafukia dimbwi. Mama mkwe anapita kwa miguu yake, mkavu, na anauliza ni nani amefanya kazi hii nzuri.

Lenah hakucheka. Kasema mama yake akiaibika mbele ya mtaa huu, Jumapili wanarudi kwao Malava wote wawili. Nimemwambia atulie.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekwenda kwa Nzivo, fundi wa kuchomelea. Kasema nilete Kwadi yenyewe aipime. Kwadi haikuwaka. Nikavua mshipi wangu, nikapima nao mbele ya Kwadi, nikaweka alama kwa meno. Nikampelekea mshipi.

Nzivo ana pipa kuukuu. Atalikata nusu, hiyo ndiyo ndoo. Ataitundika kwa winchi, ile ya kuvutia Kwadi ikikwama. Kauliza ndoo ikijaa, nyuma kutakuwa na uzito gani wa kulingana nayo. Nikamjibu nyuma nitakaa mimi. Kanitazama sana. Nina kilo hamsini na tano, ni kweli, lakini ni kilo za mwanamume.

Nimemwachia mshipi asisahau kipimo. Nimerudi nimeshika suruali. Bi Hikma anayeuza mahamri pale getini kauliza, kwa sauti, kama ni tumbo.

Jumatano, 30 Aprili

Kwadi imewaka! Matundu ya bolti hayakukutana na fremu, yamepishana kwa upana wa kidole. Nzivo analaumu meno yangu. Kapiga nyundo mpaka saa nane, kachomelea, kapiga tena. Imekaa. Imeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni, lakini imekaa.

Inavyofanya kazi: ukibonyeza swichi, winchi inainua ndoo. Kuishusha, swichi hiyohiyo, upande wa pili. Kuimwaga, unavuta kamba, ndoo inapinduka papo hapo. Rahisi kabisa. Lenah kasimama dirishani akaitazama ile kamba ikifanya kazi. 

Nimejaza kifusi, nimeinua. Magurudumu ya nyuma yakainuka pia! Nikabaki huko juu, miguu inaning'inia, watoto wa shule wakishangilia. Wameipa jina. Wanaiita Karai. Nimewaeleza kuwa ni tingatinga. "Niaje, Baba Karai?" ndiyo salamu niliyoipata mtaa mzima baada ya hapo.

Owiti katokea, bila kuitwa. Kasema nifunge mifuko miwili ya mchanga huko nyuma. Nzivo naye kasema hivyo hivyo. Nilikuwa karibu kukubali, lakini baada ya Owiti kusema, haiwezekani tena.

Mshipi umesahaulika kwa Nzivo.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya Wafanyakazi. Nimefanya kazi! Nusu ndoo kila safari ili nyuma isiinuke. Safari arobaini. Mgongo umekufa. Kufikia saa kumi, kona nzima ya dimbwi ilikuwa imejaa kifusi. Nikapanda juu yake nikasimama, mkavu. Nikamwita Lenah aje aone.

Saa kumi na moja ikabainika kwamba kona hiyo ndiyo mdomo wa mtaro. Maji yote ya Mowlem yalikuwa yakitoka kwa kupitia hapo. Sasa hayana pa kwenda.

Saa kumi na mbili dimbwi limefika mapajani. Jiko la Bi Hikma limezimwa na maji, mahamri yameelea. Kasema ameishi Lamu, Mombasa na Majengo na hajapata kuona mtu kama mimi. Hakusema kwa kusifu. Nimejaribu kukizoa kifusi kwa ndoo. Kimegeuka uji. Winchi inatoa moshi.

Owiti ana foleni ya wateja mpaka kwenye lami. Kanipungia mkono.

Ijumaa, 2 Mei

Lenah amenunua jogoo. Mwekundu, mzito. Ameosha mapazia. Ameazima viti. Hanisemeshi, isipokuwa jambo moja: kesho saa sita Owiti atamvusha mama, nami nitakaa kwa Bi Hikma mpaka niitwe. Nimesema sawa.

Nimekaa ngazini nikafikiri. Miaka kumi na moja, mama mkwe hajui kama nina faida yoyote. Akivushwa na Owiti, atarudi Malava akimsifu Owiti. Moyo wangu hauwezi. Nampenda Lenah, nataka mama yake ajue alimwoza kwa mtu wa maana. Ni hilo tu ninalotaka, Mungu anajua.

Nimemfuata Owiti. Nimemwambia mgeni amechelewa, atafika saa tisa. Kashukuru kwa kumpa taarifa. Mtu mjinga.

Jumamosi, 3 Mei

Sijui niandike vipi. Naandika.

Saa sita kamili teksi ikasimama kwenye lami. Mama mkwe akatoka, mkongojo mkononi, leso mpya. Lenah alikuwa amevuka kumpokea. Owiti hayupo. Manyunyu yanaanza. Ndipo nilipotokea na Kwadi! Ndoo nimeisugua kwa sabuni, ndani nimetandika kitambaa cha kochi kilichofumwa. Macho nimeinamisha. Lenah kanitazama mimi, akayatazama magoti ya mama yake, akaitafuta njia nyingine na hakuiona. Akakubali.

Mpango ulikuwa akae ameangalia mbele, mgongo kwangu. Heshima kamili. Lakini alipoyaona yale maji akaogopa, akageuka. Akakaa ameniangalia mimi.

Tukaingia majini. Katikati, ndoo ikaanza kulowa. Nikabonyeza swichi nimwinue kidogo. Akapanda. Magurudumu ya nyuma yakainuka. Injini ikameza maji, ikazima. Nikabonyeza nimshushe. Betri ikafa. Mama mkwe akabaki juu, uso wake mbele ya uso wangu, hatua moja! Nikafumba macho. Akajifunika leso. Mtaa wote umetoka nje. Kuna watu walikuwa wamekwea ukuta.

Ndoo ikaanza kuyumba. Nikashuka majini nikaishika kwa mikono miwili. Suruali ikanywa maji, ikawa nzito. Mshipi uko kwa Nzivo.

Nikiiokota suruali, ndoo inayumba. Nikiishika ndoo, suruali inakwenda. Nilichagua mama mkwe. Naomba hilo likumbukwe. Suruali ikateremka yote, mbele ya mama aliyemzaa mke wangu, nami nimevaa ile chupi ya maua.

Nikaikumbuka kamba. Labda ikivutwa polepole. Lenah akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, hata siku ya kumzaa Vivian, binti yetu aliye shule ya bweni. Nikaiacha kamba.

Owiti kaja mbio, sijui nani kamwita. Kaingiza mkokoteni chini ya ndoo, kampa mama bega. Mama mkwe akashuka kwa utulivu kama anayetoka kanisani. Akavushwa mpaka mlangoni. Nikamsikia akimuuliza Owiti ni mtoto wa nani.

Nimekaa kwa Bi Hikma mpaka jioni. Kanipa chai, kasema leso ilikuwa nyepesi na macho ya mama yule bado ni mazima. Kisha kaniletea habari kutoka kwangu. Jogoo ameliwa. Mama mkwe kaagiza firigisi apewe Owiti. Firigisi! Kipande cha mwenye nyumba! Katika nyumba yangu, kwenye sahani yangu, Owiti ameila.

Jumapili, 4 Mei

Lenah ameondoka. Hakugombana. Alikunja nguo zake taratibu, na ile taratibu ndiyo iliyoniua. Kasema chakula kiko kwenye sufuria. Kasema alimwambia mama yake, mara nyingi, kwamba mumewe ana akili. Kisha akapanda mkokoteni.

Nyumba imenyamaza. Sufuria nimeifunua, nimeifunika. Nimelia. Nimelia sana, naandika ukweli.

Usiku Kweyu kapiga simu. Wazee wamesema aibu ile haiondoki kwa maneno. Nipeleke Malava kondoo hai, akitembea kwa miguu yake, na leso mpya, ndipo mama mkwe anisamehe. Ndipo Lenah arudi. Kabla ya hapo nisimpigie hata simu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeamka nimebadilika. Nimejua makosa yangu.

Nimemtafuta kondoo sokoni Kiamaiko, kwa muuza mifugo Magan. Nimempata, mweupe, mnene, mtulivu. Magan kasema kuna lori la mifugo linarudi Kakamega, karibu na Malava, tupu kesho, dereva ni nduguye, atatubeba mimi na kondoo bure. Owiti naye kajitolea kunifikisha kwenye lori kwa mkokoteni. Tena kasema, kwa upole, kuwa yuko tayari kufuatana nami mpaka Malava aniombee msamaha, kwa kuwa mama anamsikiliza.

Aniombee! Nimekataa yote, hata lori.

Kosa la Jumamosi ni ndoo, ilikuwa ndogo. Nitamchukua kondoo kwa Kwadi mpaka Malava, mbele kabisa, juu, wote wamwone. Ni siku mbili tu. Mama mkwe akimwona kondoo anaingia boma hewani, hasira zitaisha zenyewe, na Lenah atacheka. Nakikumbuka kicheko chake.

Nimekwenda kwa Nzivo kuagiza ndoo kubwa zaidi. Kauliza nyuma kutakuwa na uzito gani. Nikamjibu nyuma nitakaa mimi.

Kondoo nilikuwa nimempima kwa mshipi, niliouchukua kwa Nzivo asubuhi. Mshipi nimemwachia Nzivo tena, asisahau kipimo.