Bunduki Iliyopenda Kushoto

Mzee Donald alirudisha ile bunduki ya upepo Jumatatu asubuhi, ikiwa bado inanukia boksi. Alikuwa ameinunua kwa Ambrose siku nne tu zilizopita ili afukuze ngedere waliokuwa wakimmalizia mapapai yake huko Mwakingali. Akamkuta Ambrose hotelini anakunywa chai, akailaza bunduki katikati ya vikombe, akasema polepole:

"Ambrose, mwanangu, hii kitu haina shabaha. Nikilenga ngedere, napiga tangi la maji. Nikilenga tena, tangi lilelile. Sasa ngedere hata hawakimbii, wanakaa kuniangalia. Nirudishie pesa yangu."

Voi nzima ilimjua Ambrose. Alikuwa na shati lililopigwa pasi na ulimi uliopigwa pasi zaidi. Alishawahi kumuuzia mtu wa Mombasa kiwanja chenye mandhari ya Mlima Kasigau. Mlima ulikuwepo, hilo hakuna wa kulikana. Kiwanja ndicho kilichokosekana. Pesa ikishaingia mfukoni mwake ilikuwa haijui njia ya kutoka. Basi alikuwa anafungua kinywa amweleze mzee kwamba bunduki mpya ni kama kiatu kipya, humzoea mwenyewe taratibu, mara dereva mmoja wa meza ya pili akanyoosha mkono.

"Lete nione. Shida ni mzee, si bunduki."

Wakatoka nyuma ya hoteli, chupa ikasimamishwa ukutani. Dereva akakosa. Muuza miraa akamnyang'anya akimwambia mkono wake unatetemeka, naye akakosa. Nusu saa haikuisha, wanaume saba walikuwa wameikosa chupa ile, na hakuna hata mmoja aliyeilaumu bunduki. Kila mmoja aliomba arudie mara moja tu.

Hapo Ambrose akamrudishia mzee Donald pesa zake zote bila ubishi, jambo lililomtisha mzee kuliko ngedere.

Kesho yake alikuwa na kibanda kando ya soko, upande wa Sofia. Ubao mmoja mpana, vifuniko vya soda vimepigiliwa misumari, cha katikati kimepakwa rangi nyekundu. Shilingi hamsini, risasi tatu. Ukigonga chekundu mara tatu mfululizo, unaondoka na sufuria, redio au blanketi. Kibali kilining'inia kwenye msumari kikiwa na mihuri mitatu. Mmoja ulikuwa wa daktari wa mifugo, lakini tuseme ukweli, nani kati yetu husoma mihuri?

Wanaume walikuja. Walikuja walinzi wa usiku, walikuja waliowahi kuwa askari wa wanyama, walikuja waliowahi kujisifu tu. Risasi zilikwenda kushoto, lakini kushoto kwa aina aina: hii juu, hii chini, hii imeacha ubao kabisa imekwenda zake sokoni. Ambrose alimpa kila mmoja pole yake. "Ah, kaka, hiyo ilikuwa karibu sana. Ni upepo umekuharibia. Jaribu tena."

Jumatano bunduki ikaanza kukohoa. Ukipiga, risasi inatoka kivivu na kuanguka katikati ya njia. Kijana mmoja akaiokota ya kwake hatua tatu mbele ya miguu yake, akaionyesha umati. "Buda, hiyo gun yako inatema mate tu." Watu wakacheka, na kibanda kikichekwa hakina biashara tena. Kufikia jioni Ambrose alikuwa amekaa na inzi.

Asubuhi akaipeleka kwa Fundi Muli, mtu wa baiskeli na stovu karibu na reli, mwenye maneno machache na masikio ya kusikia mengi. Muli akaifungua, akatoa washa, kile kipete cha ngozi cha kuzuia upepo usivuje, kimechanika, akakata nyingine kutoka ngozi ya pampu ya baiskeli, akailoweka kwa mafuta na kuirudisha. Kisha akachora nukta ya chaki kwenye ubao, akarudi hatua kumi, akapiga risasi tano. Akaenda kuangalia. Matundu matano yalikuwa yamekaa pamoja. Sarafu ya shilingi kumi ingeyafunika yote.

"Nguvu imerudi," alisema. "Lakini inapiga kushoto, vidole vinne kamili. Kuna skrubu hapa kwa kile kidude cha kulengea. Ni dakika moja tu. Nirekebishe?"

"Usiguse," Ambrose alisema, upesi kuliko alivyokusudia. "Nguvu inatosha, fundi. Hiyo shabaha iache vile ilivyo."

Muli akamtazama. Katika miaka ishirini ya ufundi hajawahi kupata mteja anayelipa ili kitu kisitengenezwe. Akafuta mikono yake kwa kitambaa.

"Sawa, boss. Mali ni yako."

Sasa sikiliza. Bunduki mbovu hukosa ovyo, hata malaika hawezi kuibashiri. Bunduki nzima inayokosa, hukosa palepale kila siku, na mwenye macho akishapajua hapo, mchezo umekwisha. Ambrose hakuliwaza hilo. Alikuwa anawaza namna ya kuwarudisha watu, na jibu alilopata lilikuwa limefungwa nyuma ya nyumba yake linatafuna majani.

Lilikuwa beberu jekundu lenye mguu mmoja mweupe, nono hadi linahema likiwa limesimama. Beberu hilo halikuwa la kuchezewa. Jumamosi Ambrose alitakiwa kupanda nalo Mgange kwa kina Rita, msichana aliyemngoja miaka mitatu na kuahirishiwa posa mara mbili, ya kwanza mvua, ya pili mafua. Mshenga alishalikagua na kuwaeleza wazee kuanzia pembe hadi kwato, na mbuzi aliyeshatajwa mbele ya wazee habadilishwi; ukileta mwingine umemfanya mshenga mwongo. Kule juu mbangara, pombe ya miwa, ilikuwa tayari inachachuka mitungini. Na Rita alishasema, bila kupandisha sauti, kwamba hakuna mara ya tatu. Ambrose alimpenda Rita. Hilo tumpe, maana ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kudanganya.

"Lakini anakula kila siku," alijiambia, "na hana kazi yoyote anayofanya. Nitamfunga tu pale kama zawadi, watu wamwone. Nani atamchukua?"

Saa tano ya siku hiyohiyo beberu alikuwa kando ya ubao amevishwa utepe, na foleni ilifika kwa wauza nyanya. Bunduki ilipiga kwa nguvu, ta, ta, na kila risasi ikaingia ubaoni kushoto kwa chekundu. Hakuna aliyejali. Wote walikuwa wanamtazama beberu.

Mwendo wa saa nane akaja mama mmoja mwenye kiondo mgongoni na vumbi la Kasigau miguuni. Akatoa hamsini yake kama anayenunua sukuma wiki.

"Karibu, mama," Ambrose alisema. "Umewahi kushika bunduki?"

"Kombeo tu, mwanangu. Kule Rukanga nafukuza ndege kwenye mtama. Ndovu simpigi. Yeye namwomba tu aondoke."

Watu wakacheka. Mama akaegemeza bunduki begani, akaelekeza mtutu pembeni, mahali penye ubao mtupu. Ambrose akamwonea huruma.

"Mama, chekundu ni kile cha katikati."

"Nakiona."

Ting. Chekundu kikatikisika. Mama akajaza risasi ya pili bila haraka, akalenga palepale penye utupu. Ting. Ambrose akashikwa na kikohozi kikubwa cha ghafla, kikohozi cha mtu anayekaribia kuaga dunia. Mama akashusha bunduki, akamngoja kwa heshima mpaka alipomaliza, akainua tena. Ting.

Alikwenda mwenyewe kumfungua beberu.

"Mama, tuongee kama watu wazima," Ambrose alisema akimfuata. "Huyu mbuzi ana wenyewe. Nitakupa sufuria, redio na blanketi, vyote."

"Redio haina nyama."

Hapo akili ya Ambrose, ambayo haikuwa mbovu hata kidogo, ikafanya kazi. Alikuwa ameona mama alikolenga. Vidole vinne kulia. Basi ni hivyo tu.

"Tucheze mara ya mwisho," alisema kwa sauti, umati usikie. "Mimi ndiye nitakayepiga. Nikigonga tatu, beberu wangu arudi. Nikikosa hata moja, bunduki ni yako, na kibanda ni chako."

Mama akafikiri sana, akikuna shingo ya beberu.

"Mimi bunduki sizijui. Nitajuaje hujaiharibu? Fundi aiangalie kwanza."

Na Fundi Muli huyo hapo, ameegemea nguzo ya kibanda cha jirani, kwa bahati ambayo ingemfanya mtu mwingine yeyote ajiulize maswali. Ambrose akafurahi. Fundi wake mwenyewe, aliyeambiwa asiguse shabaha na hakugusa.

Muli akaipokea, akawageuzia mgongo, akaifuta, akakaza hapa na pale kwa bisibisi ndogo, akapuliza vumbi. "Iko sawa kabisa," alisema. Wala hakudanganya.

Ambrose akapima vidole vinne kulia kwa chekundu, akashika pumzi, akamfikiria Rita, akafyatua.

Risasi ikaenda palepale alipolenga, kwenye ubao mtupu, vidole vinne kulia. Ya pili akaipiga kwa hasira tu, moja kwa moja kwenye chekundu, bila hata kufumba jicho. Ting, katikati kabisa. Ilikuwa bunduki nzuri sana.

"Nilikwambia ni dakika moja," Muli alisema, akiichukua taratibu kutoka mikononi mwake. "Na hiyo sikutozi." Kisha akamgeukia yule mama wa mtama. "Haya, Kavinya, mama watoto, twende. Gari la Rukanga linajaa."

Ambrose alikuwa bado amesimama mbele ya ubao simu ilipoita. Ni Rita.

"Shika, baba anataka kukusalimia."

Sauti ya mzee ikaja, nzito na yenye furaha. "Ambrose, mwanangu. Mshenga anasema yule beberu ni mwekundu."

"Ni mwekundu, baba."

"Mguu mmoja mweupe."

"Wa mbele, baba."

"Na ni mnono kweli?"

Ng'ambo ya barabara utingo na mwenzake walikuwa wanampandisha beberu juu ya gari, wakamshusha, wakapumua, wakaita mtu wa tatu.

"Watu wawili hawamwezi, baba."

"Sasa hivi uko naye?"

"Namwona kwa macho yangu."

"Vizuri sana. Maana Rita ameanza kunitia wasiwasi, anasema wewe ni mtu wa maneno matupu. Nimemwambia, safari hii kijana anasema kweli, namsikia kwa sauti. Jumamosi, basi."

"Jumamosi, baba," Ambrose alisema. Gari la Rukanga likapiga honi na kuondoka, beberu juu na utepe wake, naye akachomoa shati kwenye suruali na kuanza kulikimbilia.