Winga Wangu Ndani ya Ukungu

Jumatatu, 11 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Martino. Kila nyumba inafungua divai mpya. Kwangu imefunguka balaa mpya.

Amepiga simu Daktari Santarelli kutoka Roma, mteuzi mkuu wa timu ya taifa ya vijana chini ya miaka kumi na tano. Kwetu kila mwenye shahada ni daktari. Huyu hajawahi kumtibu hata kuku. Anasema atakuja Jumapili kwenye uwanja wa parokia yetu kutazama mechi ya majaribio. Kutoka ukanda wote huu wa mto Po atachukua kijana mmoja. Mmoja! Kisha akashusha sauti, kama mtu anayekuja kukupa pole, akasema wasaka vipaji nao wanapunguzwa. Hapa tuko wawili. Atakayekuwa amemleta kijana huyo atabaki. Mwingine atapewa sahani ya ukumbusho.

Sahani! Kabatini mwangu zimo sahani za kulisha harusi, na mlaji ni mmoja.

Tangu Iride wangu afariki, Jumapili ndiyo siku pekee ninayojua pa kwenda. Wakininyang'anya uwanja nitabaki jikoni tunatazamana na jokofu.

Mwenzangu, yaani adui, ni Learco Malaguti, mfamasia mstaafu, anatembea kama aliyemeza fimbo. Anampigia debe Brando Ferioli, beki, mrefu kama mnara wa kanisa, mtoto wa mwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe. Mimi ninaye Nevio Tassinari, winga, mwembamba, mguu wa kushoto wa dhahabu. Nimemtazama kwa darubini msimu mzima. Jicho langu halikosei. (Lilikosea mwaka ule, lakini jua lilikuwa usoni.)

Iride alikuwa akinifuata viwanjani na chupa ya chai na vikombe viwili. Alikaa anafuma, uwanja hautazami. Nikimwuliza amempenda mchezaji gani, anajibu: fumba macho, Ermes, usikilize. Masikini, alikuwa haoni mbali. Nilimwacha aseme.

Jumatano, 13 Novemba

Nimepata mpango! Umenijia nikiwa kwenye foleni ya mkate. Mtu aliyeshiba hakimbii.

Mechi ni saa tisa alasiri. Nimemwalika Brando chakula cha mchana, siku hiyohiyo. Amekubali kabla sijamaliza sentensi. Kwetu mtu anaweza kukataa urithi. Lasanya ya Jumapili, tambi pana za kuoka na nyama, hakatai. Tatizo: atakuja na bibi yake, Argia. Bibi huyo anajulikana hadi ng'ambo ya mto kwa kusema ukweli akiwa mezani.

Nimekwenda kwa Shemeji Vanda, mdogo wake Iride, kumwomba apike. Akataka kujua tangu lini nawapenda akina Ferioli. Nikasema ni upendo wa jirani, kama padri anavyofundisha. Akaniambia, "Shemeji, njia ya mwongo ni fupi, na wewe hata viatu vya kuitembea huna." Lakini atapika. Akauliza kama atumie bakuli la Iride, lile lenye ufa. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 14 Novemba

Mpango wa pili, wa akiba. Jumapili ni tarehe kumi na saba. Kwetu namba hiyo ni nuksi. Sasa mtu akivaa jezi namba kumi na saba siku ya kumi na saba, nuksi inajizidisha yenyewe, mimi sina dhambi.

Nikaenda kwa Oreste, mtunza vifaa, nikamwomba kwa upole Brando apewe kumi na saba. Oreste akarudi nyuma hatua nzima, akashika chuma cha mlango kujikinga. Aliniuliza kama nimeishiwa akili. Akafungua sanduku la jezi: kumi na sita, kumi na nane. Hakuna! Aliichoma zamani, baada ya winga mmoja kuvunjika mguu akiwa amekaa benchi.

Sikutoka bure, nilitoka na kazi. Timu atakayochezea Brando haina kipa. Kipa wao ana matubwitubwi, mashavu kama tarumbeta. Oreste akasema kwa kuwa nimekuja kupoteza muda wake, basi nimtafute kipa mimi. Nikampigia Samuele Bertocchi. Sababu: nyumba yao imepakana na uwanja. Nilimwambia aje kujaza lango tu, asijipe matumaini.

Ni kijana mwema ila domo kaya. Alikuwa akisimama golini, mpira uko mbali, anapaza sauti hadi jukwaani: "Bibi Iride, leo unafuma nini?" Soksi, Iride alimjibu. "Ya nani?" Ya mwenye kuuliza. Na kweli alimpa. Ilikuwa moja, ya pili hakuwahi kuimaliza.

Jumapili, 17 Novemba. Jioni, nimefika nyumbani, tumbo linauma

Niandike kwa mpangilio, siku imekuwa ndefu.

Chakula. Kwanza tambi zilizojazwa nyama, ndani ya supu. Kisha lasanya. Kisha soseji nene na dengu. Brando akala lasanya sahani nne, uso haukubadilika. Nikaanza kuogopa: je, kama ninamtia nguvu? Bibi Argia alionja, akaweka uma chini, akasema sosi nyeupe ina madonge na marehemu asingeiruhusu itoke jikoni. Shemeji Vanda akamjibu kwamba marehemu asingemruhusu yeye aingie. Nikasimama katikati na soseji, kama mwamuzi na kadi. Ili nisionekane nina njama, ilinibidi nami nile kila alichokula Brando.

Tukatoka nje. Hakuna nje! Ukungu umekula kila kitu. Mnara wa kanisa umekwenda. Baiskeli yangu nimeipata kwa kupapasa.

Daktari Santarelli alikuwa amekwisha fika, koti la sufu ya ngamia, viatu vya Roma, vimelowa. Akauliza kama mechi inawezekana. Sheria inasema mwamuzi akisimama kwenye goli moja lazima aone la pili. Mwamuzi ni mtu wa hapahapa. Akaenda, akasimama, akarudi, akasema halioni, lakini analijua lilipo, halijahama tangu azaliwe. Tukaona amesema vizuri. Daktari alitutazama kama watu wa sayari nyingine. Firimbi ikalia.

Hatukuona kitu. Si mpira, si mtu. Darubini yangu ilinionyesha ukungu uleule, mkubwa zaidi.

Hapo nikapata mpango wa tatu, bora kuliko yote. Nikamsogelea Daktari sikio la kulia nikaanza kutangaza. Nevio huyoo! Kampita mmoja! Kampita wa pili, jamani, mguu gani huo! Daktari akasema yeye haoni. Nikamwambia jicho la mwenyeji ni jicho la mwenyeji.

Malaguti si mjinga. Akatokea upande wa sikio la kushoto. Brando kaokoa! Brando kapiga kichwa! Brando kamtupa winga nje! Nikasema haiwezekani, winga yuko upande wa pili anapiga kona. Akasema labda winga wa ndotoni. Kwa maelezo yetu sisi wawili, mpira ulikuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, na katika moja ya sehemu hizo ulikuwa goli.

Nyuma ya yote hayo, kelele ya Samuele kutoka langoni, anawaelekeza wenzake, haikomi. Kushoto, kushoto, Tino! Mtu mgongoni! Acha, wangu! Rudi, rudi, usiogope, nipo! Ilinibidi nipaze sauti nimzidi. Koo limekauka.

Nikamimina chai. Mazoea: vikombe viwili. Nikakaa nimeshika kile cha pili, sijui nikifanyie nini. Mkono ukatokea kwenye ukungu. Nikajua ni Malaguti, nikaona baridi ni baridi hata kwa adui, nikampa. Sikuwa nimempa mtu kikombe hicho tangu Iride. Nikaendelea: Nevio tena! Nevio ndani ya kumi na nane!

Halafu upepo. Pumzi moja tu kutoka mtoni, na ukungu ukainuka kama pazia la maigizo.

Aliyeshika kikombe cha Iride alikuwa Nevio. Amejifunika blanketi la Oreste, amesimama begani kwangu. Alikuwa ameufuata mpira uliotoka nje, akapotea, akakosa njia ya kurudi uwanjani, akaona afadhali asimame palipo na sauti. Akaniuliza kwa adabu, mtoto wa watu: "Babu Ermes, huyo Nevio unayemtangaza ni wa timu gani?"

Malaguti akaanza kucheka. Hakumaliza. Kule golini, Brando wake alikuwa amesimama wima, ameegemea mlingoti wa goli, amelala fofofo. Lasanya! Kinywa wazi, mikono tumboni, uso wa malaika. Bibi Argia akapaza sauti kutoka jukwaani kwamba mtoto asiamshwe, amekula.

Upande wa Brando haukuwa na beki wala haukuwa na macho, na haukufungwa hata bao moja. Daktari Santarelli alikuwa amefumba macho. Nilidhani amechoka nasi. Kumbe alikuwa anasikiliza. Akasema mtu mmoja tu ndiye aliyecheza leo, na amecheza kwa niaba ya wenzake kumi, kwa sauti tu. Akamnyooshea kidole Samuele. Akauliza nani amemleta kipa huyu.

Malaguti akatazama mbinguni. Nami nikatazama viatu. Oreste, bila kuacha kukunja jezi, akasema ni Ermes aliyempigia simu Alhamisi.

Daktari akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema wasaka vipaji wa aina yangu wamebaki wachache. Nikamwambia ni kweli.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimebaki! Sahani ni ya Malaguti.

Asubuhi nimekwenda makaburini na maua ya njano, nikamsimulia Iride yote toka mwanzo. Sikumficha habari ya madonge. Ukungu ulikuwa bado upo, hakuna mtu, utulivu mtupu. Nilipofika pale Daktari alipofumba macho, kuna kitu kilitaka kunijia akilini. Kilikuwa karibu sana, kama jina lililo kwenye ncha ya ulimi. Kisha kengele ya kanisa ikagonga, kikaniponyoka. Haidhuru. Nimemwahidi darubini mpya, kubwa mara mbili. Kosa la jana lilikuwa la vioo.

Nilimkuta Malaguti kwenye baa, peke yake, kahawa imepoa. Ghafla nikaona akilini jikoni kwake, na jokofu lake. Nikamwambia kuna kikombe cha pili, Jumapili aje tukatazame watoto pamoja. Kama msaidizi wangu, nikaongeza, kwa kubeba darubini. Akasema chai yangu ina sifa ya kukosa sukari. Atakuja na ya kwake. Nikamwambia sukari ya mfamasia siiamini. Tumekubaliana saa nane na nusu.

Majaribio mengine ni Februari. Nimempa Shemeji Vanda tarehe, alitie bakuli gundi. Sasa ni wazi: lasanya yangu ndiyo iliyomlaza Brando, Brando aliyelala ndiye aliyempa kipa kazi, na kazi ndiyo iliyomwonyesha. Hesabu ya mtoto mdogo! Msimu huu nitalisha mabeki wote wanne.

Jioni Samuele amekuja mlangoni kushukuru. Amevaa ile soksi ya Iride, moja, mguu mwingine soksi ya duka. Aliongea tangu ngazini hadi sebuleni: gari moshi la kwenda Roma, mama yake aliyelia, Bibi Iride aliyemwambia zamani kwamba kipa asiyeongea ni mlingoti wa tatu. Nilimwacha amalize. Hakumaliza. Mwishowe nikamkalisha chini kama baba, nikampa ushauri mmoja wa mtu mwenye jicho. Nimemwambia akifika kambini afunge mdomo, ili watu wapate kumwona.