Kompyuta Isiyo na Boksi

Pasi alikuwa amefika kona ya tatu. Alichovya kitambaa kwenye dawa ya meno, akasugua mgongo wa ile kompyuta kwa mizunguko midogo midogo, taratibu, kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Unjano ukaanza kutoka. Mikwaruzo haikutoka, ila iling'aa, na mkwaruzo unaong'aa, kwa macho ya mnunuzi, ni nakshi.

Ilikuwa kompyuta ya zile zisizo na boksi. Hakuna lile dude zito la kuweka chini ya meza likusanye vumbi na mateke. Kila kitu kimo nyuma ya kioo chenyewe, kioo chembamba kilichosimama juu ya mguu mmoja wa chuma kama korongo. Hivyo ndivyo ilivyotoka kiwandani. Sasa hivi nyuma ya kioo hicho kulikuwa na utumbo wa laptopu kongwe iliyokwisha kufa mara mbili, umeshikizwa kwa gundi, waya na matumaini.

"Itawaka?" Pasi akauliza.

"Kuwaka itawaka," akajibu Fundi Kesho, bisibisi mdomoni. "Kuwaka si tabu. Tabu ni kuendelea kuwaka. Ikipata joto, inazimia."

Fundi Kesho hakubatizwa hivyo na wazazi wake. Alibatizwa na wateja, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakija kuulizia redio zao, feni zao na simu zao, naye akiwajibu kwa upole neno lile lile moja. Kibanda chake kilijaa vitu vya watu waliochoka kuja kesho.

"Na hii ni ya nani?"

"Ya mtu."

"Mtu gani?"

"Angekuwa anaitaka angekuja." Fundi alitoa bisibisi mdomoni. "Wewe uza, tugawane. Mpaka urudi, kile nilichoshika nimekishika."

Alichoshika rehani kilikuwa pale kwenye kona, kimefunikwa kanga. Ilikuwa cherehani, na wala si ya Pasi. Ni ya dada yake, fundi wa kushona, aliyekwenda kumuuguza mama mkwe wake na kumwachia mdogo wake ufunguo wa chumba na agizo moja tu: "Linda cherehani yangu kuliko roho yako." Kwa kuwa Pasi hakuwahi kuilinda sana roho yake, hakuona kwamba amevunja agizo. Dada angerudi Jumamosi jioni. Leo ilikuwa Jumatano asubuhi. Kompyuta ingeuzwa kabla ya adhuhuri, cherehani ingerudi mahali pake kabla ya magharibi, na dada angerudi akute hata sindano haijahama tundu. Msimhukumu haraka. Mipango mingi mizuri duniani imejengwa juu ya neno "kabla".

Na dada huyo ndiye aliyemshonea mashati yake na kuyanyoosha mpaka kola ikasimama yenyewe. Jina la Pasi lilitokana na mashati hayo, na riziki yake pia. Tapeli mwenye shati la makunyanzi ni mwizi tu kama wezi wengine.

Alipoigeuza kompyuta asugue chini ya mguu, akaona nukta nyekundu, ndogo kama punje ya mtama. Akasugua. Haikutoka. Akaongeza dawa ya meno. Haikutoka.

"Iache," akasema Fundi Kesho. "Itakuwa alama ya kiwandani."

Pasi akaitazama, na tabasamu likamjia polepole. Tapeli wa kawaida huficha doa. Tapeli mwenye kipaji hulipa doa kazi.

*

Windo lake alikuwa amelichagua tangu jana. Mtaani kulikuwa na duka la kuchapa na fotokopi la mama mmoja waliyemwita Bi Nakala, mjane wa miwani mizito na maneno mepesi. Kompyuta zake mbili zilikuwa za boksi, kuukuu, za rangi ya meno ya mvuta sigara. Mwezi uliopita, ng'ambo ya barabara, kijana mmoja alifungua duka la kazi ile ile, lenye vioo na taa. Jana Pasi alimwona Bi Nakala amesimama mlangoni akilitazama duka hilo. Akampigia hesabu: dakika nne. Mtu anayelitazama duka la jirani dakika nne mfululizo, Pasi alijua, yuko tayari kununua kitu asichokihitaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fotokopi au kuchapa?"

Pasi aliweka mzigo juu ya kaunta, akaufunua shuka kwa adabu, kama anayefunua uso wa bibi harusi.

"Mama, unaona kioo hapa, au unaona kompyuta?"

"Unaniuliza mimi, na aliyeibeba ni wewe?"

"Ni vyote, mama! Kila kitu kimo humu humu. Hakuna boksi, hakuna msitu wa nyaya. Mteja akiingia akaiona hii, hata bei haulizi, anaona aibu. Dukani inauzwa bei ya pikipiki. Wewe nakupa kwa nusu ya pikipiki."

"Nusu ipi? Ya mbele au ya nyuma?"

"Mama una utani! Lakini sikulaumu, mjini bandia ni nyingi." Hapo akashusha sauti, akaigeuza kompyuta kwa uangalifu. "Ndiyo maana nataka uone kitu ambacho wauzaji wengine hawakijui. Hapa, chini ya mguu. Unaiona nukta nyekundu? Muhuri wa kiwanda huo. Za bandia hazina."

Bi Nakala akapandisha miwani, akainama. Akaitazama nukta ile muda mrefu kiasi. Alipoinuka, uso wake ulikuwa vile vile.

"Kumbe," akasema. "Kiwanda kinaweka nukta."

"Kila moja, mama. Tena kwa mkono."

"Kwa mkono!"

"Yuko mtaalamu mmoja tu wa kazi hiyo."

"Masikini. Lazima ana kazi nyingi huyo." Akafuta miwani kwa ncha ya mtandio. "Basi, mwanangu, kompyuta nimeipenda. Lakini hapa kwangu kuna utaratibu. Kitu hakilipwi kwa sura. Kinafanya kazi siku nzima, jioni ndipo tunazungumza. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, alipitia utaratibu huo huo."

Pasi akapiga hesabu haraka. Mashine ilikuwa na uhai wa nusu saa.

"Siku nzima, mama?"

"Au haiwezi?"

"Haiwezi? Hii?" Akacheka kicheko cha mtu anayetukaniwa mtoto. "Hata wiki!"

"Vizuri. Binti yangu wa kuchapa amekwenda kujifungua, na mwalimu mstaafu ameniletea kitabu cha maisha yake." Akaweka mezani rundo la madaftari yaliyofungwa kwa kamba. "Kurasa mia moja na tisini. Wewe si ndiye unayeijua mashine? Kaa. Chapa."

*

Kuchapa Pasi alijua, tena kwa vidole kumi. Alijifunza zamani alipokuwa akiwatengenezea watu vyeti vya kufuzu kuchapa. Akaketi, akawasha, mashine ikaamka kwa mwanga mzuri wa bluu, na watu waliokuwa kwenye foleni ya fotokopi wakasema, "Aah."

Baada ya dakika ishirini ikaanza kulia kama mbu. Pasi akachukua jalada la karatasi ngumu kwa mkono wa kushoto, akaanza kuipepea mgongoni huku mkono wa kulia ukiendelea kuchapa.

"Mbona unaipepea?" akauliza Bi Nakala toka kwenye fotokopi.

"Mashine za daraja hili zinapenda hewa safi, mama."

"Kama bibi harusi."

"Kama bibi harusi, mama."

"Basi mpepee. Nakwenda kununua karatasi, sikawii. Duka nakuachia."

Alipotoka, Pasi akapumua. Kumbe mashine ikipepewa haizimii! Akiimudu hivi mpaka jioni, atalipwa, na ikizimia kesho, kesho ni ya Fundi Kesho. Akachapa kwa moyo. Mwalimu alikuwa mtoto bado, anatembea kwenda shule, mvua inanyesha. Ukurasa wa kumi na tano mvua ilikuwa inanyesha bado.

Mteja mmoja akaomba karatasi zake zibanwe. Pasi akachukua stepla. Ubavuni mwake palikuwa na nukta nyekundu.

Akabana karatasi, akaiweka chini. Mteja mwingine akataka picha zikatwe. Kwenye mpini wa mkasi, nukta nyekundu.

Pasi akauweka mkasi chini. Kisha, kama mtu anayechungulia kisima alichoambiwa kina maji, akainama kutazama chini ya meza. Mguu wa meza: nukta. Akainuka, akapindua stuli aliyoikalia: nukta. Rula, nukta. Kikombe cha chai, nukta. Hata paka aliyelala juu ya printa alikuwa na kola, na kwenye kola...

"Huyu mama," akauliza kwa sauti nyembamba, "vitu vyake anaviweka alama?"

"Tangu tumjue," mwenye picha akasema. "Rangi ya kucha. Anasema watu wa mjini huazima wakasahau."

Kola ya Pasi, kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikalala. Asubuhi nzima alikuwa akimuuzia mwanamke kompyuta yake mwenyewe, tena kwa kumwonyesha ushahidi. Akasimama. Miguu ilikuwa imekwisha kata shauri. Cherehani angeifuata kwa Fundi Kesho, angelia, angepiga magoti, angebuni jambo. Akaruka kaunta, akafika mlangoni.

Mlangoni palikuwa na mkokoteni. Juu ya mkokoteni palikuwa na cherehani iliyofunikwa kanga. Nyuma ya mkokoteni alikuwa Bi Nakala.

"Ulikuwa unanipokea mzigo? Mtoto mwenye adabu wewe. Shika upande huo."

Pasi akashika upande huo. Wakaiingiza ndani, wakaiweka kando ya fotokopi. Bi Nakala akafungua droo, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, akaweka nukta moja ubavuni mwa cherehani, kisha akaipuliza ikauke. "Pfuu."

"Mama..."

"Ile kompyuta nilimpelekea Fundi Kesho miaka miwili iliyopita. Nimekwenda kesho mpaka soli zimeisha. Leo nimemwambia naitaka leo, au nawaita wengine wote wanaomdai vitu vyao tuje pamoja. Akatetemeka. Akasema hana, ila nishike hii."

"Mama, hiyo ni ya dada yangu."

"Naye yuko wapi?"

"Kwa mama mkwe. Anarudi Jumamosi jioni."

Bi Nakala akashika ukosi wa shati la Pasi, akautazama mshono kwa ndani. "Ndiye alikushonea hili?"

"Ndiye."

"Mkono mzuri. Alistahili ndugu mwingine."

Pasi alikwisha tukanwa na polisi, wapangishaji na mashemeji, na hakuna aliyempata. Hili lilimpata. Akatazama chini.

"Nilikuona jana," akasema baadaye, kama anayetafuta pa kushika. "Ulikuwa unalitazama duka la kijana yule. Nikajua unatamani."

"Nilikuwa namtazama yeye akinunua. Alikuwa amefikiwa na muuzaji wa taa za rangi. Nilimhurumia." Akaketi, akavua miwani. "Na mimi nilisimama mlangoni hivyo hivyo, enzi hizo duka la ng'ambo lilikuwa la mwingine. Nikainunua hiyo kwa bei ya pikipiki nzima, ya mbele na ya nyuma. Watu walikuja, wakasema 'aah', wakaenda kuchapisha kwa mwingine kwa bei rahisi. Miezi mitatu ikafa. Nikaapa kwamba haina thamani hata ya shuka la kuifunika." Akaitazama ile kompyuta, kioo chake kikiwaka bluu dukani. "Leo imerudi yenyewe, imesuguliwa, inawaka, na imekuja na mchapaji wa vidole kumi. Naanza kufikiri niliharakisha kuilaumu."

"Mchapaji, mama?"

"Kitabu cha mwalimu kikiisha, cherehani inakwenda kwa mwenyewe, na nukta nitaifuta kwa mkono wangu. Kisipoisha, Jumamosi dada yako aje hapa, mimi na yeye tuzungumze habari za mshono. Na habari nyingine."

Pasi akapima unene wa rundo la madaftari kwa vidole.

"Asubuhi ulisema wiki," Bi Nakala akamkumbusha kwa upole. "Mimi nakuomba siku tatu tu."

Pasi akarudi kwenye stuli yenye nukta, akashika jalada kwa mkono wa kushoto.

*

Saa kumi na moja jioni alikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Shati lilikuwa limemkwama mgongoni, na mashine ilinuka gundi ya moto. Mvua ya mwalimu ilikuwa imekatika. Sasa mwalimu alikuwa kijana, kazi ya kwanza, na amesimama nje ya ofisi na bahasha mkononi, hajui kama ni barua ya uhamisho au ya kufukuzwa.

"Zima," akasema Bi Nakala. "Nafunga."

"Mama, nimalizie ukurasa. Hajaifungua bahasha."

"Ataifungua kesho. Saa moja kamili."

Pasi akazima. Wakaisogeza kompyuta dirishani, ilale ikipendeza huko, naye akatoka, akajinyoosha kiuno. Ndipo akamwona yule kijana mwenye duka la ng'ambo. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha, mikono nyuma, anaitazama kompyuta isiyo na boksi. Pasi akaanza kuhesabu bila kutaka. Dakika moja. Mbili. Kijana alimeza mate. Tatu.

Dakika ya nne Pasi akainyoosha kola yake kwa vidole viwili, akakohoa kidogo, akasogea hatua moja.

"Usithubutu," sauti ya Bi Nakala ikatoka nyuma ya mlango, kufuli likilia. "Kurasa mia moja na arobaini na tisa zimebaki."