Kujaribu Kama Vipimo vya Mama Vitarudi

Jumatatu, 3 Machi
Simu ya Mama imeanguka kwenye ndoo ya maji. Imepona. Mimi bado.

Mama ni fundi cherehani. Vipimo vya wateja huviandika kwa chaki mezani, akavipiga picha, akafuta meza. Ndani ya simu ile wamo wasimamizi sita wa bibi harusi, na harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Je, kama isingepona? Nimeshindwa kula.

Shemeji, mume wa dada yangu, anauza chaja na makava ya simu, kwa hiyo nyumbani wanamwita Mtaalamu. Ameleta kidiski cha nje ndani ya soksi. Amesema weka picha humo, shem, mambo yaishe. Soksi! Mimi karani wa masjala, mtu niliyesoma! Nimetangaza kwamba nitatafuta huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Mama ameuliza huko mtandaoni ufunguo anakaa nao nani. Swali zuri. Limenitisha.

Jumanne, 4 Machi
Utafiti, bosi akiwa kikaoni. Huduma ya kwanza ni ya bure, lakini nafasi yake ni kiganja. Picha za mikono ya gauni peke yake zingeijaza. Ya pili inachukua nakala na kuzitunza kando, haigusi kitu mpaka uombe. Zubaifu. Ya tatu inasawazisha: ukigusa kitu kwenye laptopu, kinatokea papo hapo kwenye simu, na kinyume chake. Utii ulioje! Nimesoma masharti ya matumizi, nikaogopa, nikakubali.

Jumatano, 5 Machi
Picha zote zimepanda. Nimemwonyesha Mama vipimo vyake kwenye laptopu: kifua, kiuno, urefu. Amesema loo, mwanangu kweli umesoma. Shemeji alikuwepo. Alisikia!

Akakohoa kidogo, akauliza kama nimeshajaribu zikipotea zinarudi. Nimemjibu kwamba bila shaka. Sijajaribu. Hata kizima moto cha masjala nilikijaribu mwenyewe. Mafaili bado ni meupe kwa unga wake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejaribu, kwa uangalifu mkubwa. Nimefunga mlango, nimechagua picha zote kwenye laptopu, nimefuta. Hoja yangu: hata zikipotea hapa, zimo kwenye simu na zimo mtandaoni. Nikasubiri zirudi.

Mama akaita kutoka kwenye cherehani. Mbona picha zake zote zimeondoka?

Utii! Kotekote!

Anakata kitambaa kesho mchana. Msimamizi mmoja ameshasafiri na harudi mpaka siku ya harusi. Nimemwambia Mama mfumo unapumua. Amesema basi upumue haraka, baba, mkasi nimeshaunoa.

Nimempigia bibi harusi kwa sauti ya kiofisi, nikaomba takwimu za viuno vya wasimamizi wake. Akauliza mimi ni nani hasa. Nikakata. Baadaye akampigia Mama kumwonya kwamba kuna mwanamume hana adabu anazungukia wateja wake. Mama amesema akimpata atampima yeye, tena kwa rula ya mbao.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimekwenda dukani kwa Shemeji na laptopu kwapani. Nimemweleza kwamba rafiki yangu mmoja wa kazini amepatwa na tatizo. Amecheka mpaka mteja akaondoka. Ameuliza kama huyo rafiki naye hutetemeka kidevu.

Akafungua sehemu iitwayo Vilivyofutwa. Zilikuwa humo zote! Hukaa mwezi mmoja, ndipo zinaondoka moja kwa moja. Alibonyeza mara moja tu. Niliporudi, picha zilikuwa zimejaa tena kwenye simu ya Mama, naye ameshaanza kukata, anaimba. Shemeji ameahidi kufunga mdomo. Amesema pia nisiguse kitu tena. Kwa dharau, nadhani.

Jumapili, 16 Machi
Harusi imepita. Gauni zote sita zimekaa kama zimemiminwa. Mama amepata wateja wapya wanne hapo hapo, na vipimo vyao viko tayari kwenye simu. Amewaambia wote kwamba mwanawe ndiye anayevitunza, na hakuna kinachoweza kupotea. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ila kuna jambo linanisumbua. Ile Vilivyofutwa imefanya kazi mara moja tu, tena mbele ya Shemeji. Huo si ushahidi. Na kama hiyo nayo ikimwagika? Mtu makini hangojei siku ya ajali.

Mama yuko kwa jirani. Nimefuta picha zote, na safari hii nimemwaga na Vilivyofutwa pia. Laptopu iliniuliza kama nina hakika. Iliuliza mara mbili. Nimeipenda kwa umakini wake.

Sasa nasubiri zirudi. Intaneti iko polepole leo.